Cheti ninaweza kukilipia, barua ya mwajiri nitaipataje?

Ndugu Mshauri,

Salaam, na pole kwa wingi wa barua. Naomba ushauri wako, na wa wasomaji waliokwisha kupita njia hii, kuhusu kwenda Ujerumani kwa kazi ya usalama wa mtandao bila shahada ya chuo kikuu. Masharti nimeyasoma kwa makini, kwa hiyo siulizi kama inawezekana. Inawezekana. Kinachonikwamisha ni karatasi moja tu, barua ya mwajiri inayothibitisha uzoefu wangu, na kila njia ninayoijaribu inanirudisha kwenye karatasi hiyohiyo.

Hali yangu ni hii. Nina stashahada ya TEHAMA. Niliajiriwa Machi 2020 na taasisi moja ya fedha hapa Dar es Salaam kwa cheo cha Msaidizi wa TEHAMA. Tangu Februari 2022 kazi yangu yote ni usalama, ila cheo kwenye mkataba hakijaguswa. Nina cheti cha Security+, cha misingi ya usalama wa mtandao. Na kampuni moja ya Ujerumani tumefika usaili wa mwisho, na mshahara wanaoutaja unavuka kiwango cha chini.

Kiwango chenyewe na mengine yanayokwenda nacho: tangu Novemba 2023, kifungu cha 18g cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani kinamruhusu mtaalamu wa TEHAMA asiye na shahada kupewa Kadi ya Bluu ya Ulaya, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi. Awe na angalau miaka 3 ya uzoefu ndani ya miaka 7 iliyopita, na uzoefu huo uwe wa ngazi ya mhitimu wa chuo kikuu, tena uwe unahitajika kwa kazi anayokwenda kuifanya. Ajira iwe ya miezi 6 au zaidi. Mshahara wa mwaka kabla ya makato usipungue euro 45,934.20 kwa mwaka 2026. Kisha idara yao ya ajira, Bundesagentur für Arbeit, iridhie.

Humo hakuna sharti la cheti. Nalisema hili kwa sababu vijana wengi wanauza hadi viwanja kulipia mitihani wakiamini kwamba cheti ndiyo viza. Kwenye makundi ya WhatsApp utasikia kwamba CISSP, cheti cha juu cha usalama wa mtandao, ni sawa na shahada ya uzamili. Asili ya maneno hayo ni kwamba mwaka 2020 taasisi ya Uingereza ya kulinganisha vyeti, UK NARIC, iliiweka CISSP katika ngazi ya 7, ambayo ndiyo ngazi ya uzamili. Ulinganisho ule ulipima kiwango cha ujuzi. Haukukifanya cheti kuwa shahada, na ofisa wa viza anayeambiwa "shahada" anatafuta chuo kikuu kilichoitoa. Cheti kina kazi yake: kinamvutia mwajiri, na kinaupa nguvu uzoefu ulioandikwa vizuri. Uzoefu usioandikwa hakiwezi kuuokoa.

Nimeangalia pia ile kadi yao ya kutafutia kazi, Chancenkarte. Stashahada yangu huenda ikanifungulia mlango huo, lakini inadai uonyeshe euro 1,091 kwa kila mwezi utakaokaa ukitafuta kazi. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya euro 13,000. Sina.

Sasa nifike kwenye karatasi. Kadi ya Bluu ya wasio na shahada inatolewa kwa kazi zilizo katika makundi mawili ya orodha ya kimataifa ya kazi, ISCO-08: kundi 133, la mameneja wa huduma za TEHAMA, na kundi 25, la wataalamu. Mtaalamu wa usalama wa mifumo yumo kundi 25, namba 2529. Anayewahudumia watumiaji, kubadilisha nywila na kurekebisha printa, yumo kundi 35, namba 3512, na hilo liko nje kabisa. Kwa hiyo neno "Msaidizi" kwenye barua linanitoa 25 na kunitupa 35 kabla hata ofisa hajafika mstari wa pili. Na mstari wa pili wenyewe hauna kitu. Barua niliyopewa na idara ya rasilimali watu nainakili yote:

"Tunathibitisha kuwa aliyetajwa hapo juu ni mwajiriwa wetu tangu tarehe 2 Machi 2020 kwa cheo cha Msaidizi wa TEHAMA. Barua hii imetolewa kwa ombi lake."

Chini kuna sahihi na muhuri. Basi.

Nikaandika rasimu yangu na kuwapelekea: "Kuanzia tarehe 1 Februari 2022, kwa muda wote wa kazi, anachambua arifa za mfumo wa ufuatiliaji wa usalama na kuamua zipi ni mashambulizi ya kweli; anaendesha ukaguzi wa udhaifu wa seva kila mwezi na kupanga mpangilio wa kuziba mianya; anaongoza uchunguzi wa matukio na kuandika ripoti kwa menejimenti; anapendekeza mabadiliko ya sera za usalama." Angalia vitenzi: anachambua, anaamua, anaongoza, anapendekeza. Ngazi ya kazi inasomeka kwenye vitenzi kuliko kwenye cheo. Barua inayosema "anasaidia kuchambua" ni barua ya mtu mwingine.

Walikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza, barua ya uthibitisho ina muundo mmoja kwa wafanyakazi wote. Ya pili, hawataki mambo ya ulinzi wa mifumo yao yatoke nje kwa maandishi. Hiyo ya pili naielewa, na ningekuwa upande wao ningesema hivyohivyo. Ndiyo maana rasimu ya kwanza, iliyokuwa na majina ya programu na idadi ya seva, niliifuta nikabakiza hiyo uliyoisoma. Bado jibu ni hapana.

Kuna rafiki aliyenishauri nibadilishe cheo mwenyewe kwenye kompyuta. Hilo sitafanya. Simu moja kwa mwajiri inatosha kuivunja barua ya namna hiyo, na viza ikivunjika kwa sababu ya hati ya uongo, kuomba tena kunakuwa kugumu sana.

Nikajiambia, basi nichukue CISSP iseme kwa niaba yangu. Nikarudi palepale. Mtihani ni dola 749, unafanyika kwenye kituo cha Pearson VUE, si nyumbani: maswali 100 hadi 150 kwa saa 3, na alama ya kufaulu ni 700 kati ya 1,000. Ukishindwa unasubiri siku 30 na unalipa upya. Lakini ukifaulu bado hujawa na cheti. ISC2, shirika linalokitoa, wanataka miaka 5 ya kazi ya kulipwa katika angalau nyanja mbili kati ya nane za mtihani, na mwenye shahada ya kompyuta au fani inayohusiana anaweza kusamehewa mwaka mmoja. Mimi miaka mitano ya usalama inatimia Februari 2027. Kabla ya hapo ningekuwa Associate wa ISC2, yaani aliyefaulu mtihani lakini uzoefu haujatimia, na hiyo mtu huruhusiwi kuiandika kama CISSP kwenye wasifu. Hata muda ukitimia, lazima mwanachama mwenye cheti chao athibitishe uzoefu wangu, nao ISC2 wanaweza kudai ushahidi. Ushahidi gani? Barua ya mwajiri.

Nilicho nacho pembeni ni hiki. Taarifa ya michango ya NSSF inaonyesha miezi yote bila pengo, ila haisemi nilikuwa nafanya nini. Hati za mshahara zina cheo kilekile. Fomu za tathmini za 2022 hadi 2025 zinataja majukumu ya usalama moja moja na zina sahihi ya mkuu wangu wa wakati ule. Nadhani hizo ndizo zenye nguvu kuliko zote. Mkuu huyo amehamia kwingine, ana CISSP hai, na yuko tayari kuandika, ila hana tena karatasi yenye nembo wala muhuri wa taasisi.

Maswali yangu, Ndugu Mshauri. Je, barua ya mkuu wa zamani kwa jina lake mwenyewe, ikiambatana na fomu za tathmini na taarifa ya NSSF, imewahi kukubaliwa kwa Kadi ya Bluu isiyo na shahada, au wanashikilia barua ya mwajiri tu? Je, ni busara kumwomba mwajiri waraka wa kurekebisha cheo kuanzia leo, kwa hofu kwamba utakiri kwamba kabla ya leo nilikuwa msaidizi? Kampuni ya Ujerumani inakusudia utaratibu wa haraka wa euro 411, ambao nyaraka hukaguliwa hukohuko Ujerumani kabla sijafika ubalozini. Niwaeleze udhaifu wa barua sasa, au ningoje waulize?

La mwisho ni la fedha. Akiba yangu inatosha kitu kimoja. CISSP, au masomo ya Kijerumani pale Goethe-Institut, kwa kuwa mwenye Kadi ya Bluu hupata ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27 akiwa na Kijerumani cha ngazi ya A1, ya mwanzo kabisa, na miezi 21 akiwa na B1, ya kati. Moyo unaniambia Kijerumani, wenzangu kazini wananiambia CISSP. Aliyekwisha kufika kule angechagua kipi?

Wako,
Mchambuzi wa usalama wa mtandao, Dar es Salaam