Barua kwa mwanangu: mtungi wa gesi usiutoe bado

Kwa mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Amu tu wazima, mamako hajambo ila goti, na hofu yetu ni juu yenu mlioko Malindi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza neno la soketi unaniambia mtandao unakatika, na mtandao huohuo haukatiki mamako akichukua simu.

Habari ya jiko nimeipata. Nimeipata kwa mamako, ambaye alikuwa nayo siku nyingi, na nadhani hata muuza samaki alikuwa nayo. Kwamba kuna Mtaliana anahama Casuarina, anauza jiko lake la indaksheni, lile la stima linalopasha sufuria kwa usumaku, lenye sehemu nne za kupikia, kwa bei ya kutupa, kwamba mumeo ameshatoa arubuni, na kwamba Jumamosi anakuja fundi kukata meza ya jikoni alitie. Mimi niliyefunga stima nyumba ngapi za Mkomani, na hoteli za huko kwenu kabla hujazaliwa, nimesikia mwisho. Haya.

Sina ugomvi na jiko. Nalisema mapema usije ukamwambia mumeo baba hapendi vitu vipya. Ugomvi wangu ni na ukuta. Waya uliomo ndani ya ukuta wa nyumba ile ni wa unene gani, na nani ameuona kwa macho yake?

Hesabu zako ulizomtumia mamako nimezisoma zote. Nilizisoma barazani mbele za watu, na mzee mmoja akauliza kama binti yangu ni mhasibu wa benki. Nikanyamaza nikamwacha aamini hivyo. Umepiga kwamba mtungi wa gesi wa kilo 6 una joto la uniti kama 80, kwamba zaidi ya nusu ya joto hilo hupita kando ya sufuria likaishia kukupasha wewe na kuta, na kwamba indaksheni haipotezi kiasi hicho, kwa hivyo mtungi mmoja ni sawa na uniti 40 na kitu za tokeni. Ni sawa, hata mimi nisingeipiga vizuri zaidi. Lakini madaraja umeyasahau. Bei ziliporekebishwa Aprili 2023, stima ya nyumbani iliwekwa ngazi tatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wasiozidi 100, na wanaozidi 100. Ninyi na friji na mafeni mko ngazi gani? Mkivuka 100 hazipandi bei uniti zile za jikoni peke yake, zinapanda zote. Gesi nayo usiipangie maisha kwa bei ya leo. Julai 2021 walirudisha VAT ya asilimia 16, mwaka uliofuata wakaishusha hadi 8, mwaka 2023 wakaiondoa. Anayejua watafanya nini mwakani aje anieleze.

Hesabu ya tokeni umeijaza ukurasa mzima. Ya waya hukuandika hata mstari mmoja.

Basi nikupigie mimi. Jiko la sehemu nne likiwashwa lote laweza kuvuta wati 7,000. Gawanya kwa volti 240, unapata ampea 29. Plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni ampea 13. Kwa hivyo jiko hilo halichomekwi popote. Linataka waya wake lenyewe, utoke kwenye boksi la breka uje mpaka jikoni, wa milimita 6 za mraba, na breka yake ya ampea 32, usichangie na friji wala taa. Na athi, ule waya wa kuishusha stima ardhini, iwe ya kweli. Mchanga mkavu wa pwani haushiki athi vizuri, na mafundi wengine huchomeka kile chuma cha athi ardhini nusu wakakikata juu kionekane kirefu. Nyumba za zamani za Barani, nyingine nimezifungua kwa mkono wangu, utakuta fundi kachukua waya wa taa, milimita moja na nusu, kaushusha mpaka soketi ya jikoni, kapiga plasta, kalipwa, kaenda zake. Kuupitishia waya huo ampea 29 ni kuwapitisha punda wawili wa mawe kichochoro cha punda mmoja. Breka nayo, kama ilishawahi kukatakata, kuna mjanja aliyeibadilisha akatia kubwa zaidi ili "isisumbue". Nenda kaangalie namba iliyoandikwa juu yake, unipigie picha.

Sasa nikwambie jambo moja la majiko ya Wataliana, kwa sababu nimeingia jikoni kwao sana. Kule kwao nyumba nyingi mkataba wa stima ni wa kilowati 3 tu. Ndiyo maana majiko mengi ya huko yana njia ya kuyawekea kikomo; unabonyeza vitufe kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kijitabu, na jiko linajizuia lisivute zaidi ya ulivyoliagiza. Kama hilo lenu linayo, shida imepungua nusu. Mwambie mumeo adai kijitabu kabla hajamaliza kulipa. Jambo la pili, pale nyuma waya zinapoingia huwa kuna vipande vidogo vya shaba vinavyounganisha skrubu. Ulaya wengine hufunga majiko haya kwa fezi mbili au tatu, yaani waya mbili au tatu zenye moto wa stima. Sisi majumbani tuna fezi moja, na vile vipande hupangwa kwa namna nyingine. Fundi asiyelijua hilo ataliua jiko siku hiyohiyo. Huyu wa Jumamosi ni fundi wa stima, au ni fundi wa kukata mawe ya meza aliyesema "hata waya naweza"? Mamako hakunijibu swali hili, kwa hivyo najua jibu.

Sababu ya mjukuu wangu naikubali. Mtoto ana pumu, na moto wa gesi hutoa hewa ya nitrojeni dioksidi ambayo kifua kama chake hakiitaki, hasa jikoni kukiwa hakupiti upepo. Hapo sina neno, umefikiri kama mzazi. Lakini dirisha la jikoni mlilizibia kwa friji tangu mhamie, nililiona siku ya Idi nikanyamaza kwa kuwa kulikuwa na wageni. Friji lingeweza kusogezwa bila kununua jiko la mtu yeyote. Lisogezeni leo.

Habari ya Embakasi, kule Nairobi, ndiyo usiniletee tena. Ule moto wa usiku wa Februari 1, 2024 ulitoka kwenye lori na mahali pa kujazia gesi pasipo na kibali katikati ya makazi ya watu, haukutoka kwa mama anayechemsha uji. Mtungi wako ukikaa nje ya mlango, mpira ukabadilishwa kabla haujapasuka, na maungio ukayapaka povu la sabuni kila unapobadilisha mtungi uone kama yanatoa mapovu, huna sababu ya kukosa usingizi. Chumvi ya bahari itakula kichwa cha mtungi, hilo lijue, huku kwetu inakula mpaka bawaba. Na gesi ile ni nzito kuliko hewa, hushuka ikatambaa sakafuni, ndiyo maana nasema nje. Lakini angalau wameitia harufu makusudi ili binadamu ashtuke. Waya haukupi harufu mpaka umeshaanza kuungua, na soketi ikiungua, plastiki yake mara nyingi hunuka samaki. Sikutanii, muulize fundi yeyote wa siku nyingi. Sasa nyumba ambayo kila siku ina changu au tasi jikoni, nani atashtuka kwa harufu ya samaki?

Soketi ya jikoni kwa marehemu bibi yako haikuungua kwa sababu ya unyevu wa bahari, ingawa ndivyo tulivyokubaliana kuwaambia watu. Tuyaache hayo.

Mamako amekaa hapa ananiambia niandike habari ya vyombo, kwa sababu mimi kwa waya nitakujaza karatasi. Anataka kujua sufuria zake alizokupa wakati wa harusi zitakwenda wapi. Nimemweleza: chini ya kile kioo kuna koili ya shaba, stima ikipita inatoa usumaku unaogeukageuka, na usumaku huo ndio unaoipasha sufuria yenyewe. Bila chuma kinachoshika sumaku hakuna moto. Sufuria zake ni alumini zote. Chukua sumaku ya mlango wa friji uibandike chini ya kila chombo. Isiyoshika, weka pembeni. Karai la viazi chini yake ni duara, halitakaa. Chuma cha vitumbua sumaku itakishika, lakini chini kina vinundu na kioo kinataka kitu bapa. Cha chapati kitafaa, ila ukiinue, usikiburute. Chungu cha udongo usahau.

Kisha akauliza wali utaupaliaje makaa. Nimemwambia makaa hayatiwi juu ya kioo cha Mtaliana. Amenuna mpaka sasa, na chai sijapata.

Kwa hivyo mtungi usiuuze, hata jiko likifungwa vizuri na mimi nikaridhika. Ijumaa ile ya Agosti 25, 2023 nchi nzima ilipozima, mamako alimaliza kupika kana kwamba hakuna lililotokea, na majirani wakaja na sufuria zao wakasubiri zamu. Sisi tuliozoea jenereta za dizeli, kabla ya laini ya stima ya kutoka Rabai kufika huku, hatuwezi kuitegemea stima peke yake. Na ikikatika, zima jiko kwenye breka yake usisubiri irudi ndipo ukumbuke. Inavyorudi ndivyo inavyoua mitambo, na jiko hili ndani ni mtambo kama kompyuta.

Kama ingekuwa juu yangu, ungeanza na lile dogo la sehemu moja, la wati 2,000, la kuchomeka. Ampea 8 na kitu, soketi nzima inayabeba bila taabu. Umpikie mtoto uji na maziwa na supu, yale ya kila siku, na gesi ibaki ya pilau na ya kukaanga, nje upenuni. Baada ya miezi kadhaa utajua tokeni zinakwendaje. Lakini lichomekwe ukutani moja kwa moja. Eksitensheni hapana. Ile nyeupe iliyoko jikoni kwako, yenye friji, birika la stima na chaja tatu, itoe kabisa. Ukishindwa na yote niliyoandika hapa, fanya hilo moja.

Najua arubuni imeshatoka na mumeo ataona haya kurudi kwa Mtaliana. Hata ikipotea, ipotee. Lakini sidhani itapotea, wanaohama huwa na haraka, atawasubiri siku chache kuliko kutafuta mnunuzi mwingine. Jumamosi asikate mtu meza. Nitavuka Mokowe Jumatatu alfajiri nipande basi, nikija na tester na mita yangu ya zamani. Niwekeeni ngazi tu, na mumeo asiende kazini mapema, nataka anishikie tochi. Ni kijana mzuri, simlaumu. Ila anapenda bei rahisi.

Mambo ya huku: dari inavuja upande wa kidaka, boriti mbili zimeoza, na fundi anataka chokaa na pesa za mbele. Nduguyo amenunua mashine ya boti kwa mkopo bila kuniuliza, naona hii sasa ndiyo desturi ya watoto wangu wote. Mamako anataka lile sinia lake la shaba alilokuazima Idi, usilisahau nikirudi, na dawa ya goti ya kupaka, ile ya kibuluu, si ile ya kunuka karafuu. Samaki wamepanda bei. Maulidi mwaka huu tutakuwa na wageni wa Faza nyumba nzima, kwa hivyo kama mna magodoro ya ziada tutayahitaji.

Hata kabla sijaifunga barua mamako amebadilisha maneno. Anauliza ile duara kubwa kwenye jiko la Mtaliana ina upana gani, kwa kuwa kuna mtu wake anakwenda Mombasa Ijumaa na anaweza kumwagiza sufuria ya pilau ya chuma. Mpimie kwa rula umtumie namba. Usimwambie "kubwa tu".

Wasalaam,
Babako