Makaratasi ya wanafunzi yasifungiwe karanga

Ndugu Mhariri,

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana na majoho yao hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, na yeye mwenyewe akajipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Hayo ya Ikulu tunayasoma kila mwaka. Wanafunzi wenyewe, wakati ule na miaka iliyofuata, walisemaje?

Hapa Ngamiani kuna mzee, jirani yangu, ana sanduku la bati lenye vipeperushi vya midahalo ya chuoni miaka ya sabini, vilivyochapwa kwa stensili. Pini zimeshika kutu hadi karatasi zimetoboka. Wajukuu, Mungu awasamehe, vipeperushi kadhaa wameshavifungia karanga.

Maktaba ya chuo hicho, pale Mlimani, ina sehemu nzima ya kumbukumbu za Afrika Mashariki. Naomba wahusika wafike Tanga, wapige picha karatasi hizi, asili wawaachie wenyewe, na nakala moja ibaki maktaba ya mkoa ili vijana wetu wasome bila nauli ya basi. Wazee hawa wanaondoka, Mhariri. Waje kabla ya masika.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga