Kiboksi cha "nasikiliza sasa" kwenye tovuti yako kiendeshe mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti. Naandika kuhusu ile makala ya ukurasa wa teknolojia iliyowahimiza vijana wawe na tovuti zao binafsi badala ya kuishi kwenye mitandao ya watu tu, jambo ambalo naliunga mkono asilimia mia, ila kuna aya moja pale katikati ilisema mtu akitaka tovuti yake ichangamke aweke kile kiboksi kinachoonyesha wimbo anaousikiliza muda huo, yani wijeti, achukue tu skripti (kipande cha programu) ya bure ya kampuni fulani abandike, kazi imeisha. Hapo ndo naomba nafasi kidogo, maana mi nakipenda sana hiki kiboksi na naona vijana wetu wanastahili kuelekezwa vizuri zaidi ya hivo.

Kwanza niseme kwanini nakipenda. Picha na CV kila mtu anaweka, zinafanana. Lakini ukifungua ukurasa wa mtu ukakuta pameandikwa kwamba saa hii anasikiliza Atomic Jazz Band ya Tanga, tayari mna la kuongea kabla hata hamjasalimiana. Kuna watu wako Muscat huko wazee wao walitoka Unguja, wakiona jina la Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja, kwenye ukurasa wa mtu wanaandika wenyewe wanauliza umeipata wapi hiyo rekodi.

Sasa ukibandika skripti ya kampuni inakuaje? Kila mgeni anayefungua ukurasa wako, brauza yake inalazimika kwenda kwenye seva (kompyuta za kuhudumia tovuti) za hiyo kampuni kuchukua kiboksi, na ikienda inaacha anwani yake ya intaneti, aina ya simu yake, na mara nyingi jina la tovuti anayoisoma. Mgeni kaja kwako kusoma CV, wewe umemwandikisha kwa mtu mwingine bila kumuuliza. Na hapo sijagusa uzito, viboksi vingi vya hivi vinabeba JavaScript (programu inayokimbia ndani ya brauza) na fonti na picha kubwa, wakati habari yenyewe ni jina la wimbo na jina la msanii, kitu ambacho hakifiki hata KB moja. Mtu wa bando la mia tano anakulipia mapambo.

Alafu kuna upande wako mwenyewe. Orodha ya nyimbo ulizosikiliza na saa ulizozisikiliza ni shajara kamili. Inaonyesha unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, uko kazini au hauko, mwezi wa Ramadhani unasikiliza kaswida au siku ya Jumapili unasikiliza kwaya, na umefiwa au umeachwa, maana wimbo mmoja ukirudiwa usiku kucha hauhitaji maelezo. Mwajiri anayepitia tovuti yako anaweza kuona kwamba saa nane usiku ulikuwa macho. Ukikiendesha mwenyewe unaamua: kichelewe masaa mawili, kinyamaze kuanzia saa nne usiku, nyimbo fulani zisionekane kabisa. Skripti ya kampuni nyingi ina kuwasha na kuzima tu basi.

Na historia ya hizi huduma vijana waijue. Last.fm, huduma ya kurekodi nyimbo unazosikiliza, ndo iliyotufundisha wote huu mchezo, ilianza 2002 kule Uingereza, na ile programu ya Audioscrobbler iliyokuwa inarekodi nyimbo ilitengenezwa na Richard Jones akiwa mwanafunzi chuo kikuu cha Southampton, kazi nzuri sana na inastahili heshima. Mwaka 2007 ikauzwa kwa CBS ya Marekani kwa dola milioni 280. Mwaka 2012 paswedi zikaibiwa, na 2016 ndo ikajulikana kwamba akaunti zilizoguswa zilizidi milioni 43. Mwaka 2014 wakafunga redio yao ya kusikiliza. MySpace, mtandao wa kijamii wenye muziki, nao 2019 wakakiri kwamba muziki waliopandishiwa na watu kwa miaka zaidi ya kumi ulipotea wakati wa kuhamisha seva, nyimbo milioni 50 zilitajwa. Spotify tarehe 27 Novemba 2024 wakazifungia programu mpya milango kadhaa (API, njia ya programu moja kuchota taarifa kwa nyingine) waliyokuwa wanaitoa kwa watengenezaji, ya wasanii wanaofanana, ya mapendekezo, ya vipande vya sekunde 30, na watu waliokuwa wameanza kujenga vitu juu yake wakabaki wameduwaa. Sisemi hizi kampuni ni mbaya, nasema mali ni yao na wakiamua wameamua.

Lakini kinachoniuma zaidi Mhariri ni majina ya muziki wetu. Chukua NUTA Jazz Band, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa 1964, baadae ikawa JUWATA Jazz, baadae OTTU Jazz, leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Kwa mashine za hizi huduma zinazohesabu nyimbo ni bendi nne tofauti, hazijuani. Mlimani Park ni hivo hivo, mara Mlimani Park Orchestra, mara DDC Mlimani Park, mara Sikinde tupu. Mbaraka Mwinshehe sehemu moja kaandikwa peke yake, sehemu nyingine ni Morogoro Jazz, nyingine Moro Jazz, nyingine Super Volcano, na hiyo ya mwisho kweli ni bendi nyingine aliyokuja kuianzisha baadae, lakini mashine haijui lipi ni jina la pili la bendi ileile na ipi ni bendi mpya. Sasa mtu akikaa mwaka mzima anasikiliza dansi la zamani, mwisho wa mwaka anaambiwa hana bendi anayoipenda sana, kwa sababu mapenzi yake yamegawanywa vipande vinne, na juu ya orodha anakaa msanii wa nje ambaye jina lake limeandikwa sawasawa kila mahali. Hii inabadilisha kabisa picha ya sisi tunasikiliza nini.

Ukiwa na seva yako hili linatibika. Kuna programu ya bure inaitwa Maloja, kazi yake ni kupokea na kutunza orodha ya ulichosikiliza, na inakuruhusu kuandika sheria zako kwenye faili la kawaida la maandishi. Unaweza kuiambia jina hili libadilishwe liwe lile, au, na hapa ndo pazuri, unaiambia libaki kama lilivyo ila kwenye hesabu liingie kwa lile jingine. Kwahiyo JUWATA inabaki JUWATA kwa sababu ni zama zake na wanamuziki wake, lakini hesabu inaenda kwenye ukoo mmoja. Mi naona hivi ndo sahihi, kufuta majina ya zamani ni kufuta historia ya vyama vya wafanyakazi vilivyozimiliki hizo bendi.

Kitu kingine ni urefu. Utaratibu uliozoeleka wa kuhesabu, ambao ulitokana na Last.fm, ni kwamba wimbo uzidi sekunde 30 na uwe umesikilizwa nusu yake au dakika 4, chochote kitakachotangulia. Kwa singeli ya dakika mbili na kitu ni sawa. Kwa taarab ya dakika kumi na tano yenye utangulizi wa vinanda na fidla kabla mwimbaji hajafungua mdomo, inahesabiwa moja tu, sawa na ile singeli. Ukiwa na kumbukumbu zako mwenyewe unahesabu kwa dakika ukitaka, na taarab inakaa mahali pake.

Na kuna nyimbo ambazo hazipo kabisa huko kwenye strimingi. Mimi nyumbani nina kaseti za mjomba, dansi na taarab za mwambao, zilihamishiwa kwenye kompyuta taratibu, na nina MP3 za singeli zilizotumwa WhatsApp kutoka mkono kwa mkono ambazo jina la faili ni namba tupu. Wijeti ya kampuni ya strimingi hata siku moja haitaonyesha hizo, kwake hazipo duniani. Kwahiyo mtu anayesikiliza urithi wetu kwenye tovuti yake anaonekana kimya.

Sasa namna ya kufanya, maana nisilalamike bila kusaidia. Muziki wako unaupanga kwenye kompyuta na programu ya Navidrome, hii ni seva ya muziki ya bure, nyepesi, inakimbia hata kwenye Raspberry Pi (kikompyuta kidogo cha bei nafuu) au laptop ya zamani. Kabla ya hapo majina ya nyimbo yasafishe na programu ya Picard, inayochukua taarifa kutoka MusicBrainz, ambayo ni hazina ya wazi, na ukikuta bendi ya kwetu haipo au imekosewa unafungua akaunti unairekebisha mwenyewe na dunia nzima inaona (hili peke yake lingestahili barua nyingine). Kwenye simu unaweka apu inayoongea na Navidrome, na unaweza kuiambia ipunguze uzito wa sauti ukiwa njiani, wimbo wa dakika 4 ambao kwa 320 kbps ungekula MB 9 na nusu hivi, kwa Opus (mfumo wa kubana sauti) ya 64 kbps unakula chini ya MB 2, na kwa muziki uliotoka kwenye kaseti sikio haliteseki.

Navidrome ukiiuliza "nani anasikiliza nini saa hii" inajibu, huo mlango unaitwa getNowPlaying. Skripti ndogo inauliza kila dakika, inachukua jina la wimbo, msanii na saa, inaandika kwenye faili dogo la JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome), na ukurasa wako unalisoma hilo faili. Basi, kiboksi ndo hicho. Mgeni hatoki nje ya tovuti yako, paswedi zako hazionekani kwenye ukurasa, na ukitaka kuchelewesha au kuficha unafanya kwenye hiyo skripti kabla faili halijaandikwa.

Mtaniambia umeme unakatika na intaneti ya nyumbani ni ya laini ya simu. Kweli, na laini ya simu kwa kawaida haikupi anwani ya wazi ambayo mtu wa nje anaweza kuifikia moja kwa moja, kwahiyo usijaribu kuwaleta wageni mpaka nyumbani (na hata simu yako ukiwa njiani itahitaji njia maalumu kama VPN kuifikia Navidrome). Geuza, nyumbani ndo pasukume faili kwenda kwenye hosti, yani kampuni inayokutunzia tovuti. Hosti nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa pamoja na domeni za .co.tz zina PHP (lugha ya programu zinazokimbia kwenye seva), inatosha faili moja la PHP lenye neno la siri linalopokea taarifa na kuiandika. Umeme ukikatika tovuti inaendelea kusimama na kiboksi kinasema mara ya mwisho alisikiliza fulani, jana saa mbili usiku. Hii mi naiona bora kuliko kiboksi kinachozunguka zunguka kinatafuta seva ambayo haipo.

Asiyekuwa na mafaili yake, anayesikiliza YouTube au apu za strimingi, naye ana njia. Kwenye Android kuna Pano Scrobbler, inasoma ile arifa ya mchezaji muziki inayokaa juu ya simu, kwahiyo haijali unatumia apu gani, na inaweza kutuma kwenye seva yako badala ya kwa kampuni. Na kama kuendesha seva ni mzigo kwa sasa, basi angalau ListenBrainz, huduma ya kutunza orodha ya ulichosikiliza, inaendeshwa na MetaBrainz ambayo ni taasisi isiyo ya faida, programu yake iko wazi na data yako unaweza kuipakua yote ukaondoka nayo. Ila ajue kabisa kule orodha yako ni ya wazi kwa kila mtu, kwahiyo yale ya saa nane usiku niliyosema hapo juu yanabaki palepale. Na hata akitumia huduma ya mtu, ile funguo ya API isiwekwe kwenye ukurasa ambapo kila anayebonyeza kuangalia chanzo anaiona, ikae kwenye seva, seva ndo iulize na kutunza jibu kwa muda. Tokeni za Spotify (vibali vya muda) kwa mfano zinaisha baada ya saa moja na kwa njia ya kawaida ya seva zinafanywa upya kwa kutumia siri ya programu, sasa siri hiyo ukiiweka kwenye JavaScript umeigawa bure.

Najua wapo watakaosema hiki ni kitu kidogo, wimbo tu. Lakini kijana anayejifunza kuendesha kiboksi kimoja cha wimbo kwa mikono yake amejifunza seva, ameijua JSON, ameelewa siri inakaa wapi na faragha ya mgeni maana yake nini, na hayo ndo hayohayo atakayoyahitaji akitengeneza mfumo wa zahanati au wa SACCOS. Tena hapa akikosea hakuna hela ya mtu inayopotea. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sasa hiyo faragha tuanze kuifanyia mazoezi kwenye vitu vyetu wenyewe.

Ombi langu Mhariri ni kwamba ukurasa wa teknolojia ukipata nafasi mrudie ile makala, mwelekeze na njia hii pia, na kama hamuwezi kuchapa skripti nzima basi chapeni hata hatua za lile faili la PHP, ni mistari michache inaingia kwenye safu moja ya gazeti. Mi nipo tayari kuiandika na kuijaribu kwenye hosti ya kawaida kabla hamjaichapa. Na wale wa ukurasa wa burudani, wenye kumbukumbu za nani alipiga gitaa kwenye bendi gani na mwaka gani, naomba sana wafungue akaunti MusicBrainz waanze na bendi za Tanga, Jamhuri Jazz na Atomic, maana waliokuwepo wakati huo bado wapo mtaani na wanakumbuka.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga