Kabla ya kuamini dawa, tumsikilize na anayeipinga

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaeleze wasomaji habari za daktari mmoja wa Marekani, marehemu Harriet Hall, ambaye kazi aliyoifanya baada ya kustaafu naiona inahitajika mno hapa Dar es Salaam, ambako kuanzia Kariakoo hadi Mbagala Rangi Tatu vipaza sauti vinanadi chupa moja inayodaiwa kutibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na upungufu wa nguvu za kiume kwa pamoja.

Dk. Hall, aliyezaliwa mwaka 1945 na kufariki Januari 2023, alikuwa daktari wa familia na wa marubani katika Jeshi la Anga la nchi yake, akapanda hadi cheo cha kanali wakati ambapo wanawake katika kazi hiyo walikuwa wachache sana. Alipostaafu alishika kalamu. Moja ya makala zake za mwanzo ilihusu bidhaa iliyoitwa Vitamin O, matone yaliyouzwa kwa madai kwamba yanaongeza oksijeni mwilini. Binadamu hupata oksijeni kwa mapafu wala si kwa tumbo, na pumzi moja tu humpa nyingi kuliko matone hayo; mamlaka ya biashara ya Marekani yenyewe ilisema kimiminika hicho kilionekana kuwa maji ya chumvi tu.

Fundisho lake ninalolipenda zaidi linahusu jino. Watoto wa nchi za Magharibi huambiwa kwamba jino la utotoni likiwekwa chini ya mto, kiumbe fulani huja usiku, akalichukua na kuacha sarafu. Mtafiti, alisema Dk. Hall, anaweza kupima kwa uangalifu mkubwa kiasi cha fedha kinachoachwa, akalinganisha jino la kwanza na la mwisho, akapata takwimu zisizo na dosari, na bado asitambue kwamba wanaoacha fedha ni wazazi, kwa sababu hakuanza kwa kuuliza kama kiumbe huyo yupo.

Hivyo ndivyo tunavyofanya na shuhuda za dawa. Watu mia moja wakitumia dawa ya mafua na kupona ndani ya wiki, hatujajua lolote kuhusu dawa hiyo mpaka tuwatazame wengine ambao hawakuitumia, kwa kuwa mafua kwa kawaida huisha yenyewe. Maumivu ya mgongo na ya viungo nayo hupanda na kushuka. Mgonjwa huitafuta dawa siku yalipozidi, na nafuu ambayo pengine ingekuja kwa vyovyote vile huhesabiwa kuwa kazi ya dawa.

Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania, wakiwamo viongozi, walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Sina nia ya kumsema vibaya mzee aliyekitoa, ambaye naye ametangulia mbele ya haki. Ninachosema ni kwamba magazeti yalijaa picha za foleni na maneno ya waliojiona wamepona, huku sauti ya aliyetaka uthibitisho ikisikika kwa shida. Wapo waliofia njiani, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Sisi wauguzi tuliumizwa zaidi na hawa wa pili, kwani dawa iliyokuwa ikiwaweka hai walikuwa nayo nyumbani.

Huku si kudharau miti shamba. Dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati ina asili yake katika mmea uliotumiwa na Wachina kwa karne nyingi, na mtafiti Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuichambua na kuipima. Mmea huo uliheshimiwa kwa kupimwa, na mimea yetu inastahili heshima hiyo hiyo.

Kanuni ya Dk. Hall ilikuwa kwamba kabla ya kukubali dai lolote, tafuta nani halikubali na kwa sababu gani. Ombi langu kwako, Mhariri, limo humo. Kila gazeti lako linapochapa habari ya tiba mpya, mwandishi awaulize pia wataalamu wa Muhimbili au wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na jibu lao liwekwe ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule. Ikiwezekana, daktari mmoja apewe safu ya kila wiki ya kujibu maswali ya wasomaji kuhusu dawa wanazouziwa mitaani, akitaja waziwazi kilichopimwa na ambacho bado hakijapimwa.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam