Mkaguzi aje kabla ya moshi

Mhariri,

Kila mkaguzi wa mazingira akionekana kwenye geti la kiwanda hapa Mombasa, wimbo ni ule ule: mnafukuza wawekezaji, vijana watakosa kazi. Mimi ni mkazi wa Changamwe. Nimesimama getini alfajiri nikingoja kuokotwa kibarua, kwa hiyo thamani ya kazi sihitaji kufundishwa.

Lakini tuitazame Owino Uhuru, kule Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliendeshwa ubavuni mwa nyumba za watu tangu 2007 hadi 2014. Madini ya risasi, yale ya ndani ya betri, yakaingia damuni mwa watoto, na mwa wafanyikazi wenyewe. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na fungu kubwa la lawama likaiangukia NEMA, mamlaka ya serikali inayosimamia mazingira. Mahakama ya Rufaa ikatengua fidia hiyo, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Sasa piga hesabu: kiwanda hakipo, ajira hazipo, na sehemu ya deni itatoka kwenye kodi yetu. Huo ndio uchumi tuliokuwa tukiulinda?

Sheria si haba. Ile ya mazingira ya 1999 inataka tathmini ifanywe kabla mradi haujaanza, na Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kasoro ni kwamba mkaguzi huja wakati watu wameshalia redioni. Hapo kufuli hutiwa ghafla, na anayeumia kwanza ni kibarua asiye na mkataba. Angekuja mapema, mwenye kiwanda angepewa muda wa kurekebisha na mashine zikaendelea kuzunguka.

Kuna jambo halisemwi sana. Anayegharimika kusafisha maji yake machafu anashindana sokoni na anayeyamwaga usiku kwenye mikoko. Ukilegeza sheria, umemwadhibu yule mwema.

Ombi langu ni dogo. Leseni ya NEMA na matokeo ya ukaguzi wa mwisho vibandikwe kwenye geti la kila kiwanda, kwa Kiswahili, na nakala ipelekwe kwa chifu isomwe barazani. Na vibandikwe upande wa barabarani, si nyuma ya kibanda cha bawabu.

Mkazi wa Changamwe,
Mombasa