Uwanja wa ndege wa Dodoma usisahaulike Msalato ikikamilika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niuzungumzie uwanja wa ndege wa Dodoma, ambao siku hizi wengi wanautaja kama mahali pa kujishikiza tu hadi uwanja mpya wa ndege wa Msalato ukamilike. Miaka mingi kabla Serikali haijaanza kuhamia hapa mwaka 2016, ndege ndogo za shirika la kimisionari la MAF zilikuwa zikiruka kutoka uwanja huu kupeleka wauguzi, dawa na chanjo katika vijiji ambavyo barabara zake hukatika kila mvua zinaponyesha. Heshima hiyo haifutiki.

Ni kweli kwamba uwanja umebanwa na makazi, na kwamba katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 joto la mchana huifanya hewa kuwa nyepesi, hivyo ndege kubwa huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Ndiyo maana ujenzi wa Msalato, uliowekewa jiwe la msingi na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022, ninauunga mkono kwa moyo wote. Ninachoomba ni wahusika watueleze mapema ardhi ya uwanja huu wa zamani itatumikaje, na wafikirie kubakiza sehemu ya njia yake ya kurukia kwa ndege ndogo zinazobeba wagonjwa.

Mkazi wa Dodoma