Programu ikisema "Data haijasomeka", usiifute

Ndugu mteja, ukiona maandishi hayo kwenye programu yako ya mauzo, tunakuomba jambo moja kabla ya yote: usiifute ukaipakua upya. Mauzo uliyoyaandika pasipo mtandao, tuseme ukiwa kwenye meli kutoka Nansio, yanakaa ndani ya simu hadi yapate nafasi ya kutumwa kwenye seva, yaani kompyuta yetu inayotunza taarifa zenu. Ukiifuta programu, nayo yamekwenda.

Simu yako huiuliza seva bei na oda, na seva hujibu kwa maandishi yaliyopangwa kwa utaratibu uitwao JSON. Utaratibu huu hauna msamaha. Mkato mmoja ukizidi mwishoni mwa orodha, jibu zima linaweza kukataliwa. Bei iliyoandikwa 12,000 inaeleweka vizuri kwenye daftari la dagaa pale Mwaloni Kirumba, lakini humu inatakiwa 12000. Namba ya simu inayoanza na 0 haikubaliki kama namba. Lazima ifungwe ndani ya alama za kunukuu, kama maneno. Ndiyo maana tunawasisitizia sana mnaotuletea orodha za wateja kwa Excel, ambayo yenyewe huila ile 0 ya mwanzo usipoizuia.

Tatizo likiwa kwenye ukurasa mmoja tu, kwa mfano oda za sangara hazifunguki ila za sato zinafunguka, karibu kila mara kuna oda iliyoachwa bila bei au bila tarehe. Hilo halihusiani na simu yako, na kuizima na kuiwasha hakutasaidia. Kurasa zote zikigoma kwa pamoja, huenda mtandao ulikatika jibu likiwa njiani likafika nusu, au seva imezidiwa ikatuma ukurasa wa HTML (maandishi ya kurasa za tovuti) badala ya JSON. Hapo subiri dakika chache ujaribu tena. Angalia pia kama kuna toleo jipya, maana toleo la zamani linaweza lisielewe majibu ya sasa.

Bado inagoma? Tutumie WhatsApp picha ya skrini na jina la ukurasa uliokuwa unaufungua. Kwa kutumia saa inayoonekana juu ya picha hiyo, tunalitafuta jibu lenyewe kwenye kumbukumbu za seva, na mara nyingi tunaonyeshwa mpaka sehemu iliyokosewa: oda ya ngapi, bei au tarehe. Kwa hiyo picha usiikate juu, saa inapoonekana.